UZI: Mafunzo ya kufundisha Kiingereza nje ya nchi – kinachofundishwa hasa, na pale cheti cha ualimu cha hapa kinapokuacha

#1 ChakiNyeupe (Dodoma Makulu)

Wakuu, habari za majukumu.

Swali linajirudia sana humu: "Nina shahada ya ualimu, nafundisha Kiingereza sekondari. Nikitaka kwenda Thailand au Uarabuni, hiyo TEFL (mafunzo ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) ni ya nini wakati mimi ni mwalimu tayari?" Majibu huwa ya mstari mmoja mmoja na mengi ya kubahatisha. Nafungua uzi huu, wenye ujuzi wajazie, baadaye tuwe tunawaelekeza watu hapa.

Msimamo wangu ni huu. Vyuo vyetu, uwe umepita UDOM, St. John's, Mpwapwa au Kinampanda, vinakupa ualimu: andalio la somo, azimio la kazi, saikolojia ya elimu, upimaji, usimamizi wa darasa. Hiyo ni mali, usiidharau. Ambacho havikupi ni ufundi wa kufundisha Kiingereza mbele ya watu ambao hamna lugha nyingine ya kuelewana. Hapa neno likigoma unaingia kwenye Kiswahili nusu dakika, somo linasonga. Ukiwa Hanoi mlango huo umefungwa. Ukiichambua kozi nzuri ya TEFL utaona karibu kila kipengele kinajibu jambo hilohilo: utaonyeshaje maana, utatoaje maelekezo, na utajuaje wameelewa, bila kutafsiri.

Kwanza majina, maana yanachanganya watu. TEFL na TESOL ni majina ya fani hiyo ya kufundisha Kiingereza kwa wasio wazawa wake. Yeyote anaweza kuchapa cheti akakiita TEFL. Vyeti vya kuanzia vinavyojulikana kwa jina na waajiri wengi ni viwili: CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity College London, vyote ngazi ya 5 kwenye mfumo wa sifa wa Uingereza. CELTA ina angalau saa 120 na wakufunzi. Ndani yake kuna saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi wa viwango viwili tofauti huku unapimwa, saa 6 za kutazama walimu wazoefu, na kazi 4 za kuandika. Trinity ni saa 130 na kuendelea, nayo ina saa 6 za kufundisha, na juu yake unasomeshwa lugha usiyoijua kabisa ili uonje anachoonja mwanafunzi wako. Ukisoma kutwa nzima ni kama wiki 4 au 5. Ukisoma kidogo kidogo inaweza kuchukua miezi kadhaa.

Kuingia CELTA wanataka uwe na sifa za kuingia chuo kikuu, na Kiingereza cha C1 ya juu au C2 (ngazi za juu kabisa kwenye kipimo cha Ulaya kinachoanzia A1 hadi C2). Kabla ya kukupokea wanakupa kazi ya maandishi kuhusu lugha kisha usaili. Watu wengi huanguka kwenye ile kazi ya lugha kabla hata ya kulipa ada.

#2 Binti Kibaigwa

Asante kwa uzi, mwalimu. Lakini BTP (mazoezi ya kufundisha mashuleni tukiwa chuoni) tumefanya, wakaguzi wamekuja, daftari la maandalio limesainiwa. Hayo si mazoezi ya kufundisha? Kwa nini mwajiri wa nje asiyahesabu?

#3 Mkufunzi Mstaafu

Dada, yahesabu wewe kwanza kwenye wasifu wako, na uandike idadi ya wiki, madarasa na wanafunzi. Ila elewa tofauti ya kinachopimwa.

Kwenye BTP mkaguzi ameshika fomu. Anatazama hatua za andalio: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, hitimisho. (Mtaala ulioanza Januari 2024 umebadilisha hatua hizo, lakini walimu wengi waliopo kazini wamelelewa na hizo.) Anatazama zana, sauti, mavazi, ubao. Mwalimu akieleza vizuri, maksi zinapanda.

Kwenye mafunzo ya kwenda nje, mkufunzi amekaa nyuma anaandika dakika kwa dakika, na macho yake yako kwa mwanafunzi zaidi kuliko kwako. Anauliza: huyu aliyekaa dirishani amefungua mdomo mara ngapi? Kipi anaweza kukisema dakika ya 45 ambacho dakika ya kwanza hakukiweza? Mwalimu akieleza vizuri mno, dakika 20 mfululizo, maksi zinashuka. Hapo ndipo walimu wetu wazoefu wanapoumia kuliko wanaoanza. Umezoea kusimama na kueleza, na darasa la watu 80 limekufundisha hivyo kwa sababu nzuri tu.

Jambo la pili ni andalio lenyewe. Lile la nje lina sehemu ambayo kwetu haipo: matatizo yanayotarajiwa. Kabla hujaingia darasani unaandika mwanafunzi atakosea wapi katika maana, katika umbo la sentensi na katika matamshi, na mbele ya kila tatizo unaandika utafanya nini. Huwezi kuijaza sehemu hiyo kama huijui lugha kwa undani. Mkufunzi akiona umeandika "wanafunzi wanaweza wasielewe" na suluhisho "nitaeleza tena", anajua hujachambua chochote.

#4 ChakiNyeupe

Nakazia hapo kwa Mkufunzi, maana ndipo mzizi ulipo. Mfano wa uchambuzi ni ule wakati ambao vitabu huuita present perfect. Darasani kwetu ukitaka kuufundisha haraka unaulinganisha na -me-. "Amefika", "has arrived", inakubali. Halafu mwanafunzi anakuletea "amelala", "amesimama", "nimechoka", na Kiingereza chake ni "is asleep", "is standing", "I am tired". Njia ya mkato imekatika. Sasa mbele ya Mthai huna hata hiyo njia ya mkato. Lugha yake haibadilishi kitenzi kwa wakati, anaongeza maneno ya kuonyesha lini.

Unachofanya ni kuchora mstari ubaoni. Upande wa kulia unaandika NOW, nyuma yake unaweka 2019, unatia kivuli kuanzia 2019 hadi NOW, halafu sentensi: "I have lived in Dodoma since 2019." Kisha unauliza maswali mafupi ya kupima maana: Do I live in Dodoma now? Did I start yesterday? Yawe maswali ya jibu fupi, na yasitumie muundo uleule unaoufundisha. Ukiuliza "Have I lived here long?" umerudi palepale, kwa sababu asiyeelewa muundo hataelewa swali.

Na lile swali letu pendwa la "Do you understand?" lifute kichwani. Mwanafunzi yeyote duniani atajibu yes ili umwache.

#5 Fonimu

Mimi naongelea sauti, maana huwa zinarukwa hata kwenye kozi za bei ya juu.

Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa fonimu 44: irabu 20 ukijumlisha na zile zinazoungana mbili mbili, konsonanti 24. Sisi irabu zetu ni 5. Kwa hiyo mwalimu aliyekulia hapa bila mafunzo ya matamshi huzikusanya irabu nyingi za Kiingereza kwenye vyumba vitano: "ship" na "sheep" zinakuwa moja, "cat", "cut" na "cart" zinakuwa moja, "walk" na "work" vilevile. Hapa nyumbani tunaelewana kwa sababu wote tunakosea kwa namna moja. Mkorea hakuelewi, na wewe humwelewi, kwa sababu yeye anakosea kwa namna yake.

Cha kufanya ni kujifunza kusoma alama za kifonetiki, zile zilizo kwenye kamusi kati ya mistari miwili ya mshazari. Si kazi ya mwezi. Zigawe: konsonanti nyingi unazijua tayari kwa sababu zinafanana na herufi, zinazobaki ni chache kama za "think", "this", "she", "measure" na "sing". Kwenye th wenye Kiswahili cha pwani wana nafuu, maana "thelathini" na "dhahabu" wanazitamka zilivyo. Wengi wa bara tunasema "selasini" na "zahabu", tufanye mazoezi. Irabu ndizo za kukaa nazo muda mrefu. Anza na ile hafifu, /ə/, inayosikika mwanzo na mwisho wa "banana". Ndiyo irabu inayotokea mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, na Kiswahili hakina kabisa.

Baada ya sauti ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu maneno yote, huhitaji kufikiri. Kiingereza kinahama: PHOtograph, phoTOGrapher, photoGRAPHic. Mwalimu akiandika neno jipya ubaoni bila kuweka alama ya mkazo juu yake, ameandika nusu ya neno.

Halafu ujue adui wa kila darasa. Mwarabu: p inakuwa b, na akiandika anaacha irabu, pia amezoea kuandika kutoka kulia. Mvietnamu: konsonanti ya mwisho inamezwa, kwa hiyo "nice", "nine" na "night" zinaelekea kuwa moja, na s ya wingi inapotea. Mjapani na Mkorea: r na l, na Mkorea huongezea p na f. Mchina: wakati akizungumza "he" na "she" zinamchanganya kwa sababu kwake zinatamkwa neno moja, kama "yeye" yetu. Hapo mwalimu Mtanzania ana faida. Tatizo la "yeye", na lile la kutokuwa na "a" na "the", analijua kutoka ndani. Mwingereza anayesahihisha hilo hajui hata kwa nini linatokea.

Lafudhi ya kuigiza achana nayo. Wakufunzi hawapimi kama unasikika kama mtu wa London. Wanapima kama unatamka kwa uwazi, kwa namna ileile kila mara, na kama mfano unaompa mwanafunzi kurudia haubadiliki kati ya mara ya kwanza na ya tatu.

#6 Kijana wa Nkuhungu

Wakuu nimeona kozi ya mtandaoni saa 120, bei ya kutupa, cheti unapakua mwenyewe. Inafaa?

#7 ChakiNyeupe

Kaka, hiyo 120 imekuwa namba ya kawaida kwa sababu waajiri wengi na baadhi ya idara za uhamiaji huiandika kwenye masharti. Kwa hiyo kama kibali tu cha kupita geti, ya bei ya chini inaweza kukutosheleza katika nchi fulani. Kabla hujalipa angalia haya.

Kuna mtu atakayekuona ukifundisha? Kama kila kitu ni kuchagua A, B, C, D, umenunua usomaji tu. Kozi nyingine zinauza "saa za vitendo" kama nyongeza, uliza zinafanyika wapi, na wanafunzi gani, na nani anapima.

Kibali chao kimetoka wapi? Wengi wana nembo za mashirika ya ithibati yaliyoanzishwa na watu walewale wanaouza kozi. Wakisema ngazi ya 5 ya Uingereza, cheti hicho lazima kionekane kwenye daftari la Ofqual, msimamizi wa vyeti wa huko, ambalo liko wazi mtandaoni. Andika jina la cheti, tafuta. Hakipo, basi.

CELTA yenyewe siku hizi inasomwa pia kwa mtandao, pamoja na ile ya kufundisha. Ada ni mamilioni ya shilingi, si laki. Hapa Dodoma hesabu na umeme na intaneti: bando la simu pekee halitoshi kwa wiki nne za darasa la video kutwa nzima. Na hakikisha una chumba. Ukifundisha huku muziki wa jirani unaingia kwenye kipaza sauti, utakatwa maksi za usimamizi.

#8 Mkufunzi Mstaafu

Wengi wameniuliza huko pembeni somo lenyewe linavyokwenda. Naweka moja hapa, dakika 45, watu wazima 12, kiwango cha A2, lengo ni "used to" ya mazoea ya zamani. Hili ni darasa la kawaida sana kwenye saa zile sita.

Dakika 5 za kwanza unaweka picha mbili za mtu mmoja, ya miaka 20 iliyopita na ya leo. Huandiki kitu. Wanazungumza wawili wawili: nini kimebadilika? Wewe unasikiliza tu.

Dakika 6 zinazofuata unawapa maandishi mafupi, mistari minane hivi, kuhusu mtu huyo. Swali moja rahisi kwanza, kisha wanatafuta tofauti tatu. Sentensi unayoitaka imo ndani: "He used to live in Kondoa."

Dakika 6, maana. Unaitoa sentensi kutoka kwao, unaiandika, unapima: Does he live in Kondoa now? No. Did he live there before? Yes. One day, or a long time? A long time. Kama swali moja limegawanya darasa, unarudi kwenye mstari wa wakati, huendelei.

Dakika 4, matamshi. Hapa ndipo wengi hukosea mpangilio, wanaandika kanuni kwanza. Wasikie kabla ya kuona. "Used to" inatamkwa /juːstə/, ile d haisikiki na "to" inakuwa hafifu. Unasema mara tatu kwa kasi ya kawaida, wanaitikia wote, kisha nusu ya darasa, kisha mmoja mmoja bila kufuata mstari wa viti. Sentensi ikiwashinda, ijenge kuanzia nyuma: in Kondoa, live in Kondoa, used to live in Kondoa, he used to live in Kondoa. Ukiijenga kutoka mwanzo, kiimbo kinavunjika.

Dakika 4, umbo. Ubaoni: mtu + used to + kitenzi. Halafu kukanusha na kuuliza: "didn't use to", "Did you use to...?" Ile d imeondoka, wasisitizie, ndilo kosa namba moja la kuandika.

Dakika 8, zoezi la kudhibitiwa: sentensi 6 za kujaza, kila mtu peke yake, kisha walinganishe na jirani kabla hujasahihisha. Kulinganisha huko si mapambo. Ndipo mwenye aibu anapogundua kosa lake bila hadhara.

Dakika 9, wanaulizana maisha yao ya utotoni, bila karatasi. Wewe unapita na daftari, huingilii, unaandika makosa na sentensi nzuri.

Dakika 3 za mwisho, unaandika ubaoni sentensi nne au tano ulizozisikia, nyingine sahihi nyingine na makosa, bila majina. Wao ndio wanaosahihisha.

Jumla 45. Na ukitaka kujua somo linafia wapi: kwenye zile dakika 6 za maana. Mwalimu anaanza kutofautisha "used to" na "be used to", kisha "would", anafika dakika ya 30 hakuna mwanafunzi aliyesema sentensi. Zile 9 za kuzungumza zinaliwa, na ndizo zilizokuwa lengo la somo. Kama muda unakimbia, punguza sentensi 6 ziwe 3. Usiguse mazungumzo.

Maelekezo nayo yana kanuni zake. Simama, subiri ukimya, sema kwa amri fupi: "Work in pairs. Ask and answer. Five minutes." Onyesha mfano na mwanafunzi mmoja. Pima: Are you writing? Are you working alone? Kisha ndipo ugawe karatasi. Ukigawa karatasi kwanza, macho yote yanainama, umepoteza maelekezo.

#9 Ticha wa Manyoni

Mzee umetema madini. Ila nipinge kidogo upepo wa uzi huu. Mnamfanya mwalimu wa hapa aonekane hana kitu. Huyu ni mtu anayeweza kushika watoto 90 kwa chaki tatu na kitabu kimoja kwa watu sita. Mtu aliyetoka moja kwa moja kwenye CELTA, amefundisha watu wazima 12 wenye adabu, akitupwa kwenye shule ya serikali ya Thailand yenye watoto 45 wa miaka minane anachanganyikiwa ndani ya wiki. Waajiri wa shule za watoto wanaijua tofauti hiyo. Kwenye wasifu msiandike "nimefundisha Kiingereza miaka minne" mkaishia hapo. Andikeni ukubwa wa madarasa, umri wa wanafunzi, vipindi kwa wiki, na kwamba kipindi ni dakika 40.

Na tangu mtaala mpya Kiingereza kinaanza darasa la kwanza, badala ya la tatu kama ulivyokuwa ule wa 2015. Aliyefundisha watoto wa darasa la kwanza ambao hawajui neno hata moja la Kiingereza ana jambo la kuzungumza kwenye usaili, kama kweli alifundisha kwa vitendo, nyimbo na picha.

#10 Mkufunzi Mstaafu

Ticha, sina ubishi. Naongeza tu: wa watoto wakasome na njia ya kufundisha kwa amri na vitendo. "Stand up, touch the door, jump." Mtoto anatii kabla ya kusema. Wiki za mwanzo usimlazimishe kusema.

#11 Binti Kibaigwa

Sasa nchi. Wapi pasipoti yetu inakubaliwa? Hapa ndipo tunapoliwa hela na mawakala.

#12 Msafiri Kikuyu

Dada, hapa weka hisia pembeni.

Korea Kusini: viza ya mwalimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza inatolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Wakala akikuambia ana njia, njia hiyo si halali.

Uchina: utaratibu wa kibali unataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya kuzaliwa, kwa hiyo waajiri wanashikilia orodha ileile ya pasipoti. Mwalimu wa hisabati au sayansi kwa Kiingereza kwenye shule ya kimataifa ni habari nyingine. Na yale matangazo ya kufundisha watoto wa Kichina ukiwa nyumbani kwako Kisasa hapa Dodoma, mengi ni mabaki. Tangu Julai 2021 Uchina ilizuia kampuni za masomo ya ziada kutumia walimu wa kigeni walio nje ya nchi hiyo.

Japani: kwa viza ya kufundisha lugha shuleni wanataka uwe umesoma miaka 12 kwa lugha hiyo. Piga hesabu: aliyesoma msingi kwa Kiswahili ana sekondari 4, kidato cha tano na sita 2, chuo 3. Ni 9. Aliyesoma msingi ya Kiingereza anavuka.

Thailand: wanaajiri wasio wazawa wa Kiingereza. Shahada, mtihani wa Kiingereza (alama 600 za TOEIC hutajwa sana), viza ya Non-Immigrant B, kisha kibali cha kazi na leseni au msamaha wa muda kutoka baraza lao la walimu. Vietnam: shahada, cheti cha kufundisha Kiingereza, hati ya polisi, cheti cha afya. Ghuba: mara nyingi wanataka shahada ya ualimu ya somo hilo na uzoefu wa miaka miwili, na hapo B.Ed yako ina nguvu kuliko TEFL ya mtandaoni.

Majirani tunawasahau. Rwanda ilihamia Kiingereza kufundishia kwa uamuzi wa 2008, Burundi ilikifanya lugha rasmi 2014, Sudan Kusini tangu uhuru wa 2011. Mishahara si ya Dubai, lakini Burundi na mashariki ya Kongo Kiswahili chako kinakubeba.

Na kuna mlango wa kinyume: Fulbright FLTA, unaochukua walimu vijana wa Kiingereza kwenda kufundisha lugha yao vyuoni Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Kwa Mtanzania maana yake unafundisha Kiswahili. Mbinu alizoandika Mkufunzi hapo juu zinatumika zilezile, isipokuwa sasa wewe ndiye mzawa wa lugha.

#13 Karani wa Mtumba

Kuhusu makaratasi, mpangilio ndio unaowaangusha watu.

Anza na majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, cha kidato cha nne, cha shahada na pasipoti visome sawasawa, hadi herufi. "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mezani kwa afisa. Rekebisha kwa kiapo au hati ya kubadili jina kabla ya kuthibitisha chochote, kwa sababu ukithibitisha kwanza utarudia yote.

Pili shahada na nakala ya matokeo: chuo kilichokitoa kithibitishe, kisha Wizara ya Mambo ya Nje hapa Mtumba, kisha ubalozi wa nchi husika. Kila ubalozi una orodha yake, waulize kwa barua pepe kabla hujasafiri. Balozi nyingi ziko Dar. Tangu SGR ianze 2024 safari imekuwa fupi, lakini ubalozi mwingine unapokea nyaraka siku maalumu tu.

Hati ya polisi ya tabia njema, ya alama za vidole, iache iwe ya mwisho. Nchi nyingi zinataka isizidi miezi 6. Vilevile mtihani wa Kiingereza wa IELTS, matokeo yanahesabika miaka 2 tu. Usiufanye leo kama kozi yako ni mwaka kesho kutwa.

Ukiwa mtumishi wa umma, omba likizo bila malipo kwa maandishi kupitia mwajiri wako. Ukiondoka kimya ni utoro, na mlango wa kurudi unafungwa. Wakala wa ajira hakikisha amesajiliwa, TaESA (chombo cha serikali cha huduma za ajira) ndio wanaohusika. Na anayekuambia "ingia kwa viza ya utalii, utabadilisha ukifika" anakuingiza kazini bila kibali. Wa kufukuzwa ni wewe, si yeye.

#14 Fonimu

Wazo kwa walio Dodoma ambao hawana ada mwaka huu. Jikusanyeni watano, Jumamosi mbili kwa mwezi. Kila mmoja afundishe lugha ambayo wengine hawaijui, dakika 20, bila neno la Kiswahili. Mgogo aanze na Kigogo: "Mbukwa" kwa mmoja, "Mbukwenyi" kwa wengi, kisha majina ya vitu vitano vilivyo mezani. Mrangi afuate. Mkimpata Msandawe kutoka Chemba ndiyo bahati, zile sauti za kubofya ulimi zitawanyamazisha walimu wote, na hapo mtajua Mkorea anahisi nini mbele ya "world".

Mmoja akae nyuma na saa, aandike vitu viwili tu: dakika ambazo mwalimu amesema, na mara ngapi kila mtu amefungua mdomo. Leteni vitu halisi. Zabibu za hapa zinatosha kufundisha vitu vya kuhesabika na visivyohesabika: zabibu mbichi, juisi, mvinyo, na "a bunch of", "a glass of", "some".

#15 Kijana wa Nkuhungu

Nimeelewa vizuri sana. La mwisho: wameniita usaili wa video wiki ijayo, nitoe somo la mfano dakika 10, watoto wa miaka 7, wanyama. Nijipange vipi?

#16 Mkufunzi Mstaafu

Maneno manne tu, si kumi. Tuseme lion, elephant, goat, monkey. Sentensi moja: "It's a..." Salamu na jina lako sekunde 30. Picha ya kwanza ifichue kidogo kidogo kutoka nyuma ya karatasi, waulize, subiri sekunde tatu hata kama anayekusaili hajibu. Yeye anaigiza mtoto, mara nyingi atakosea makusudi aone unasahihishaje. Akisema "It's a elephant", usiseme "wrong". Onyesha vidole vitatu, kila kidole neno moja, gusa kidole cha katikati, subiri ajirekebishe. Asipoweza, mpe "an", arudie sentensi yote.

Dakika ya 6 mchezo: ondoa picha moja, aseme ipi haipo. Dakika ya 9 rudia maneno yote manne haraka, aga kwa wimbo au ishara. Usisome kwenye karatasi.

Kamera iwe usawa wa macho, mikono ionekane hadi kiunoni, dirisha liwe mbele yako si mgongoni. Kompyuta ijazwe chaji usiku, simu yenye bando la mtandao mwingine iwe pembeni imewashwa, maana umeme ukikatika saa hiyo hawakungojei.